Kompresa ya Gari la Bi Mwanajuma

Baba,

Leo nimefungua gereji. Mama nilimwambia nakwenda kufagia tu. Tangu tulipokuzika sikuligusa gari la mtu, na niliapa sitogusa tena. Lakini Bi Mwanajuma, mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani yetu hapa Mpendae, alisimamisha gari mlangoni. Watoto watatu wa chuoni wamekaa nyuma, vioo vimepandishwa.

"Rukia mwanangu, kiyoyozi kinapuliza joto tupu. Na nshakitia gesi juzi tu, kwa fundi mmoja wa njiani."

Nikamwamkia.

Nilifungua boneti, nikamwambia awashe injini na abonyeze swichi ya kiyoyozi. Nikatega sikio. Ule mlio ulionifundisha kuusikiliza, "tak", klachi inapoikamata kompresa, haukuja. Puli inazunguka na mkanda, kompresa yenyewe imelala. Kama siku ile, Baba. Vile vile.

Siku ile ulisema, "Nipe waya, niupige moja kwa moja kutoka kwenye betri tuone kama itashika." Nikakupa. Sijamwambia mtu yeyote kwamba waya ule nilikupa mimi. Cheche moja tu, moto ukakurukia usoni. Siku nne za hospitali hukunilaumu. Uliniuliza tu kama mikono yangu mizima.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga waya mara moja tu," Bi Mwanajuma akasema. "Piga, mwanangu, nnawachelewesha watoto."

Na niliuchukua waya, Baba. Jasho linaniingia machoni, lakini niliuchukua, kwa sababu niliona haya kumwambia naogopa. Nikainama kuitafuta plagi ya klachi. Ndipo nikaona mafuta yameizunguka kompresa pale mbele, shafti inapotokea, yamekamata vumbi. Sili, ule mpira wa kuzuia gesi, imekwisha. Inavuja. Halafu harufu ikanipiga. Harufu ya jikoni. Gesi ya kiyoyozi hainuki vile.

"Zima gari! Washushe watoto! Sasa hivi, Bi!"

Sauti ile sikujua kama ninayo. Yule mdogo kabisa nilimbeba mwenyewe, kiatu kimoja kikabaki garini. Tulivuka njia, tukasimama ukutani.

"Kuna nini, Rukia?"

"Umetiliwa gesi ya kupikia, Bi. Ningepiga waya ule, tungeungua."

Akakaa chini pale pale mchangani. "Na mimi nawafungia vioo," akasema, "ili wapate baridi."

Nilisubiri hata harufu ikaisha. Tukalisukuma gari mpaka uwanjani, mbali na majiko ya watu, nikaitoa gesi iliyobaki kidogo kidogo, uso nimeugeuza. Kompresa haikushika kwa sababu gesi ilikuwa imepungua, na swichi ya presha ikaikatia umeme. Basi. Si klachi, si waya. Nadhani na lile gari la siku ile lilikuwa hivi hivi, Baba. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu. Hatukunusa kitu.

Sasa kila gari linalopita nalitazama boneti. Yule fundi ameshayatilia gesi ile mangapi? Bi Mwanajuma amekwenda kuwaambia wazazi wa watoto, na mimi kesho nitamfuata yule fundi hapo hapo anapofanyia kazi. Naogopa atanicheka. Naogopa zaidi asiponisikiliza.

Mama ameshasikia, habari imefika nyumbani kabla yangu. Nilidhani atanipokonya funguo. Amenishika mikono, akaigeuza huku na huku, akalia. Nami nikamwambia ule waya ulitoka kwangu. Nimemwambia, Baba.

Jumatatu Bi Mwanajuma analeta kompresa nyingine. Nitaifunga mimi. Nakuahidi nitanusa kwanza, nitauliza kwanza gesi ilitiwa wapi, na siku nikiogopa nitasema naogopa, hata mbele ya mteja.

Pumzika, Baba yangu. Allah akujaalie nuru na nafasi huko uliko.

Mwanao,
Rukia