Besi Iliyotoka Jikoni

Nicholaus, mjukuu wangu,

Maharage yameiva, epua. Kuku wape mahindi. Nimekwenda kumtazama jirani yetu Kunigunda, bado anaumwa.

Asubuhi jumuiya iliposali hapa uani, ulijificha jikoni kama kawaida yako. Lakini wimbo ulipotuyumbia, ukatuokoa kwa besi kutoka humo humo. Jiko langu halijawahi kuimba hivyo! Mwalimu Methodi, aliyekufokea mbele ya kwaya hadi ukaacha kanisa, alikusikia, akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyemfukuza."

Jioni anakuja kukuomba radhi. Mpe kiti, usikimbilie shambani kwenye kahawa.

~~Kama hutaki kwenda misa kesho, basi.~~ Shati la misa nimeshalipiga pasi.

Bibi yako