Isukuti ya Walioshindwa

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Kakamega tu wazima, na nyanya yako amemaliza kuvuna maharagwe. Unaniuliza kama uache kuipigia ngoma timu ya chuo chenu, kwa kuwa inashindwa kila wiki na sasa kimbunga kinakuja huko kwenu Florida.

Nikiwa kijana nilipiga ngoma ya isukuti kwenye mechi zetu Sigalagala. Siku moja tulikuwa tumefungwa sita, mvua ya mawe ikatutawanya, nikabeba ngoma niende nyumbani. Golikipa wetu akanishika mkono: "Kwani wewe unapigianga washindi pekee?"

Niliona aibu. Mvua ilipokatika nikaikausha ngozi motoni, nikapiga. Bao la saba lilimpita golikipa akitingisha mabega kwa mdundo wangu.

Wewe ukikimbie kimbunga leo hii, hakina refa wa kukisimamisha. Kikishapita, kausha ngoma yako.

Babu yako