Dumu la Oili Nyekundu

Mtunda, Kibiti

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshaswali, umekaa, na mgongo wako umetulia. Mama kifua kimeachia? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Rukia ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayempakata, hata baba yake hamsazi. Mvua zimetukubali, mihogo imeshika.

Baba, nina jambo. Kwenye simu nimejaribu kulisema mara mbili, mara zote nikaishia kukuuliza kama kamba wanapatikana. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la saba, nivumilie.

Lile dumu la oili ya boti lililopotea stoo nililichukua mimi. Kaka Hamisi hakuligusa. Usidhani umesoma vibaya. Ni mimi, Mwanahawa.

Ilikuwa nilipokuja kumleta Rukia mumwone. Kabla sijaja, Baba Rukia alikuwa akilalamika kuhusu pikapu. Ile yake ni otomatiki, gia zinajibadili zenyewe, na gia zile zina oili yake mbali na ya injini. Iliyokuwemo imezeeka, gari linashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Oili yenyewe ikiwa mpya ni nyekundu, aliniambia, na hapa Kibiti alikuwa hajaipata.

Sasa nafika kwako, naingia stoo kuchukua ungo, naona madumu uliyoyajaza kutoka kwenye pipa, oili ndani nyekundu kama juisi ya rozela. Baba, mimi nimekulia botini. Kwangu oili nyekundu ni oili nyekundu. Ningekuomba ungenipa, najua. Niliona haya, uje useme nimeolewa na mtu asiyeweza kutunza gari lake. Nikalifunga dumu moja kwa khanga, nikalilaza chini ya nguo za mtoto.

Nyumbani nikamwambia mwenzangu, "Baba kakupa." Alifurahi, we! "Mkwe wangu ananijali hivi?" Akalishika dumu kwa mikono miwili.

Jumapili asubuhi akachimba shimo chini ya mkorosho, akalisogeza gari juu yake, maana kwenye mchanga wetu jeki inazama. Akalala humo, akafungua nati ya chini, oili nyeusi ikamwagika kwenye beseni langu la kufulia, inanuka kuungua. Tukaipima kwa chupa za maji, ili iliyotoka na inayoingia zilingane. Mimi ndiye niliyeshika chupa iliyokatwa kitako iwe faneli, yeye akamimina. Akawasha, akapitisha gia zote, akachomoa kijiti cha kupimia. "Njoo uone, Mama Rukia, imefika kwenye alama." Nikajiona mke wa maana kweli.

Siku tatu lilikwenda. Ya nne tukapakia masufuria ya harusi na wapishi wanne, tunakwenda ng'ambo ya mto. Tunakaribia daraja pale Ndundu, injini inanguruma, gari haliendi. Baba Rukia anakanyaga, wapi. Wapishi nyuma wakaanza.

"Dereva, mbona linaunguruma kama simba na mwendo wa konokono?"

"Mwacheni, gari limeona mto, linataka kuoga!"

Mimi nacheka nao, mtoto mapajani, sijui kitu. Wali wa watu uliiva wageni wamechoka kusubiri.

Gari likavutwa mpaka Ikwiriri. Fundi akanusa kijiti, akacheka peke yake. "Bwana, hili mnataka kwenda nalo kuvua? Hii ni oili ya kuchanganya na petroli ya boti. Ya gia ni nyingine kabisa. Zimefanana rangi tu, kama chumvi na sukari."

Baba Rukia akaniangalia. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza, "Mzee wako hakujua, au hanitaki?" Nilijitia kumfunga mtoto nepi. Ndiyo sababu siku ya Idi hakuja kukupa mkono, na wewe ukaniuliza mkweo ana nini nikasema ana kazi nyingi.

Halafu mama akanipigia kwamba umemtoa Hamisi botini mpaka aseme dumu kalipeleka wapi. Nikasema, "Eh, kumbe," kama mtu baki. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi.

Wiki iliyopita yule mama anayeleta kaa huku akanipa kapu. "Kaka yako kasema ni zawadi ya mjomba kwa Rukia." Kaa wawili wakubwa, amewatoa matopeni kwa mikono, yeye aliyezoea kushika usukani wa boti. Niliwapika, sikuweza kula. Nikamweleza mume wangu yote kabla sahani hazijaondolewa.

Akasogeza sahani pembeni. "Kwa hiyo mzee hakunipa kitu."

"Hakukupa."

"Nami nimemnunia mwezi mzima kwa zawadi ambayo hakuitoa." Akafunika uso kwa viganja. "Kwangu yamekwisha. Nitakwenda mwenyewe kumwomba mzee radhi. Lakini ya Hamisi siwezi kuyamaliza mimi. Andika."

Gari limepona kiasi. Fundi alimwaga ile ya boti na kujaza oili yake ya haki mara tatu. Sasa ukiweka gia linafikiri kwanza, ndipo linaondoka.

Baba, kunisamehe ni hiari yako, na ukiudhika nitastahimili. Ninaloomba ni kaka. Usimwambie tu "yaishe, panda." Mwite akae karibu yako, umsomee barua hii, mama akiwepo, mwambie alikuwa anasema kweli. Alikula kiapo mbele yako hakuaminiwa, nami niliyejua nikamwacha.

Nisalimie mama, mwambie asiinue ndoo kifua kikiwa vile. Nisalimie bibi mzaa mama, na shangazi wa nyumba ya pili anayetaka Rukia amlipe kwa kuchukua jina lake. Mke wa Hamisi msalimie pia, ingawa sijui atakavyoipokea.

Niwie radhi, baba. Boti isitoke tena bila kaka.

Mwanao mwenye kosa,
Mwanahawa, Mama Rukia