Mwiba wa Mchungwa na Okidi za Njano

Bustani ya Okidi,
Kisarawe,
Mkoa wa Pwani.
12 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Laurensia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Bado unalifunga kwa kile kitenge chekundu, au umekubali kwenda hospitali? Margareth na mtoto wake mchanga hawajambo? Na vanila zimechanua huko Bukoba? Najua zikichanua huna nafasi ya kukaa chini asubuhi, kwa hiyo barua hii isome mchana ukiwa umepumzika.

Mimi mwilini ni mzima, ila kichwa hakijatulia. Nimepatwa na jambo zito, na wewe ndiye mtu wa kwanza nyumbani kumweleza. Baba usimwambie kwanza.

Nilikuandikia kwamba wamenihamisha kutoka ofisi yetu ya Kibaha kuja huku Kisarawe, kwenye bustani ya okidi. Okidi ni ndugu wa vanila, ila nyingi hukaa juu ya magome ya miti. Mimi ni karani tu: napokea simu, nachapa barua, napanga wageni wa Dokta Evaline, mkuu wa bustani. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Maua ni kazi ya Dokta na ya Mzee Kibwana, mtunza bustani kutoka Msimbu, ambaye hunitania tangu naingia getini hadi natoka.

Mwezi uliopita okidi za njano, zenye asili ya Amerika ya Kusini, zilichanua kwa mara ya kwanza. Dokta alizisubiri kwa miaka. Alitaka mbegu, lakini akasikitika kwamba mdudu anayeyajua maua yale yuko ng'ambo ya bahari. Kisha akaenda semina Morogoro.

Shangazi, nikakukumbuka wewe. Niliona shamba lako la vanila lina umande, na wewe umenishika kidole: inua kile kigozi kinachotenganisha unga wa dume na mahali pa kike, sukuma unga uguse gundi, bana kidogo, achia. Nikatafuta mwiba wa mchungwa. Mzee Kibwana alikuwa akinyunyizia dawa ya wadudu mstari wa pili. Mimi nikapita ua kwa ua, kila moja nikilipa chavua yake lenyewe kama tufanyavyo nyumbani. Chavua ya okidi hizi imeshikana kama vidonge viwili vya nta, lakini hilo halikunishtua. Nilitaka Dokta akirudi akute maganda ya mbegu yameanza. Sikumwambia mtu. Nilijisikia kama mtu aliyeficha zawadi.

Siku chache baadaye maua yakaanza kuwa kahawia kutoka ndani, kana kwamba mtu ameyapitishia pasi. Yakadondoka pamoja na vikonyo vyake. Dokta aliporudi aliinamia vyungu kimoja kimoja, kisha akauliza nani alipiga dawa.

"Dawa ni ileile, Dokta," akasema Mzee Kibwana, "na kipimo ni kilekile." Siku hiyo hakutania mtu.

Ofisi ya Kibaha ikaagiza asimame kazi mpaka uchunguzi uishe. Barua ya kumsimamisha niliichapa mimi. Mungu ananiona, Shangazi, nilipoichapa niliamini kabisa kwamba ni dawa. Hata nilimkasirikia kimoyomoyo kwa kuniharibia zawadi yangu.

Wiki iliyopita walikuja wanafunzi kutoka Kibaha, nami nikawa nagawa maji. Dokta alichukua okidi ya porini, ile inayoota ardhini katikati ya majani, akachomeka ncha ya penseli ndani ya ua kama nyuki anavyoingiza kichwa. Penseli ikatoka na vidonge viwili vya chavua vimeganda juu yake, vimesimama wima. "Tazameni sasa, mtu asiondoke," akasema. Tukatazama mpaka shingo zikauma. Vikaanza kuinama vyenyewe, polepole, jinsi kikonyo chao kilivyokuwa kikikauka!

Alieleza kwamba vikiwa wima haviwezi kugusa mahali pa kupokelea. Mpaka viiname, nyuki ameshamaliza maua ya mmea huu na kurukia mmea mwingine. Hivyo chavua haimrudii mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo ua lina akili?"

"Halina akili hata chembe," Dokta akamjibu. "Lina mababu."

Akasema mmea ukijizalisha wenyewe, mara nyingi watoto hutoka dhaifu, kwa sababu kasoro zilizojificha ndani yake hukutana na kasoro zilezile. Zamani sana, kati ya maua mengi, machache yalitokea tu yakiwa na kigozi kipana kidogo, au kikonyo kinachochelewa kuinama. Chavua yao ikafika mbali zaidi, watoto wao wakastahimili, nao wakarithi umbo lile. Hakuna aliyepanga. Jambo hilo limejirudia vizazi maelfu kwa maelfu. Wala si okidi zote; kuna ambazo wadudu walipoadimika zilirudi kujizalisha zenyewe.

Kisha akanyoosha mkono kwenye vyungu vya njano vilivyobaki majani matupu. "Na nyingine hazitegemei umbo peke yake. Zinaitambua chavua yao na kuikataa. Hizi hapa, ukiliwekea ua chavua ya mmea wake, linakufa kama limelishwa sumu. Wataalamu wengine wanafikiri ni afadhali mmea upoteze ua moja kuliko kulisha ganda bovu kwa miezi."

Jagi likaniponyoka. Maji yalimwagikia viatu vya wanafunzi na mimi nikabaki nimesimama. Shangazi, sijawahi kuhisi baridi vile Kisarawe. Vanila ina kigozi tu, ukikivuka, inakubali. Mimi nilichukua tabia ya ndugu mmoja nikadhani ni ya ukoo mzima.

"Dokta," nikasema, "ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilizipa chavua yao zenyewe. Zote. Nyumbani tunafanya hivyo kwenye vanila."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliponyanyua uso hakuwa akiniangalia mimi. "Na yule mzee wa watu yuko nyumbani kwake anasemwa," akasema. "Ingia kwenye gari."

Msimbu tulimkuta Mzee Kibwana anamenya mihogo. Mke wake, Bi. Mwanne, aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikakatika.

"Mhaya, umeyaoza maua kwa nafsi zao, msala ukaniangukia mimi! Mpaka msikitini wananiuliza nimemuua nani."

"Nisamehe, Mzee wangu."

"Nitakusamehe nikishapanda gari. Mwanne, nipe viatu."

Alirudi kazini siku ileile. Dokta mwenyewe alipiga simu Kibaha. Kuhusu mimi bado hawajaamua, na kila simu ikilia nadhani ni Kibaha.

Lakini kulikuwa na tumba moja la ua la njano lililochelewa, nalo likafunguka. Dokta akaomba chavua kwa mama mmoja wa Pangani, hapo Kibaha, mwenye okidi kama hiyo ya ukoo tofauti. Chavua ya mche uliooteshwa kwa kipande cha hizi zetu isingefaa, maana mche huo ungekuwa mmea uleule. Akanipa mwiba mkononi. Nilikataa, akakataa kukataliwa.

"Tetemeka baadaye, Karani," Mzee Kibwana akaninong'oneza sikioni. Nikaweka chavua.

Leo asubuhi, kabla sijafungua ofisi, nilikwenda kulitazama. Limenyauka! Nikajua nimeua tena, na safari hii Dokta mwenyewe ndiye aliyenipa mwiba. Ndipo nikasikia sauti yako ya shambani: ua lililoshika hunyauka likabaki, lisiloshika hudondoka. Nikaligusa kwa ncha ya kidole. Halikudondoka. Nyuma yake kikonyo ni kijani, na kimeanza kunenepa.

Sijamwita mtu bado. Namsikia Mzee Kibwana anafungua geti, nami nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Nisalimie Margareth, umbusu mtoto kwa niaba yangu, na Babu mwambie nimemkumbuka kwenye sala. Mungu alitie nguvu goti lako na azitunze vanila zako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Onesmo