Nani Alikuwa Ameshika Usukani wa Bajaji Yangu?

Mwanza, Ijumaa

Mdogo wangu Issa,

Tumepoteza siku ishirini na sita. Nahesabu kutoka Jumatatu ile bajaji yangu ilipomvunja paja Mwalimu Perpetua pale Shangani, huko nyumbani, mpaka Jumamosi iliyopita nilipoambiwa. Na aliyeniambia si wewe. Ni yeye mwenyewe, akiwa kitandani.

Salamu zipo, usidhani nimezisahau. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na kibanda kinaenda; tangu mahakama ya hapa jirani ianze vikao, wali nauza mpaka nakwangua sufuria. Mama anaendeleaje na miguu? Mikorosho imepaliliwa, au mnangoja majani yawafike kiunoni? Naandika kwenye karatasi kwa sababu kila nikipiga simu unasema mtandao unakata. Huku kwangu haukati. Barua hii nampa kondakta wa basi, nimemwambia akukabidhi mkononi.

Siku ya pili baada ya ajali uliniandikia: "Dada, bajaji imegusana na mtu kidogo, imevunjika taa tu, usijali." Nikatuma hela ya taa. Imegusana! Watu wanagusana wakipishana mlangoni, Issa. Paja la mtu halivunjiki kwa kugusana.

Mwalimu aliponipigia sikumtambua. "Mwanangu Somoe, ni mimi Mwalimu Perpetua, niliyemfundisha mdogo wako hesabu darasa la tano. Sikupigii kukugombeza. Nataka kujua tu, kwa nini Issa ananiambia bajaji haina bima, na mimi nimeingiza namba zake kwenye simu nikaona bima iko hai?"

Bima ndogo, ile ya kumlipa anayegongwa, nililipa mwenyewe, na risiti nilikutumia. Nikamuuliza namba yangu kaipata wapi. Akasema kapewa na mama, siku alipompelekea uji. Mama hakuniambia neno, kwa kuwa na wewe ni mwanawe. Lakini namba alitoa. Nimemwelewa.

Kisha Mwalimu akaongeza: "Issa alikuja hospitali akaniambia, Mwalimu, ni mimi niliyekugonga. Nikamwambia, Issa, kilichovunjika ni mguu, macho ninayo. Aliyekuwa anaendesha ni mrefu, magoti yamefika kwenye usukani."

Wewe Issa, ukikaa kwenye ile bajaji miguu yako inatafuta sakafu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Jumatatu nikaipigia kampuni ya bima. Akapokea dada mmoja, sauti tamu kabisa: "Mama, leo ni siku ya ishirini na nane. Mkataba unataka utoe taarifa mapema. Kwa hiyo hatutalipa, na huyo majeruhi mwambie asijisumbue." Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Kama kweli hawawajibiki, haraka ya kumkatisha tamaa Mwalimu inatoka wapi?

Mchana nikamuuliza wakili anayekula kwangu, nikamwongezea kipande cha samaki ili asiondoke upesi. Akasema, "Dada Somoe, kuchelewa ni ugomvi wako na kampuni. Mwalimu hahusiki. Bima hiyo sheria imeilazimisha kwa ajili ya anayegongwa. Awape taarifa kabla hajafungua kesi, na mahakama ikimpa haki yake, kampuni italipa. Halafu itakugeukia wewe uirudishie."

Nikauliza, na kama dereva hakuwa na leseni?

Akaweka kijiko chini. "Hapo watakugeukia mbio."

Nimempigia Mwalimu nikamweleza yote kama nilivyoambiwa, hata lile linaloniumiza mimi. Alipwe. Nisichokubali ni kubebeshwa mzigo nikiwa nimefungwa macho.

Sasa fomu iko mbele yangu. Inataka jina la dereva, na polisi uliandikisha jina lako. Nikiandika Issa, Mwalimu atasimama aseme mrefu, na mwongo nitakuwa mimi niliyesaini. Hata bila yeye, hesabu yako ya siku, ile hela ya bajaji unayonitumia, imekusema. Miaka miwili yote unaituma jioni. Jumatatu ile uliituma saa tatu asubuhi, hela yote bila pungufu. Bajaji gani imemaliza kazi saa tatu? Anayelipa asubuhi ni deiwaka, aliyekodishiwa kwa siku moja. Ulimkodisha nani? Mrefu namjua mmoja, ila simtaji. Nikikosea nitakuwa nimemsingizia mtu. Mtaje wewe.

Bajaji hiyo imetoka kwenye sahani za wali, miaka minne, nikilala nyuma ya jiko. Ikiuzwa kwa sababu ya ukimya wako, hutakuwa na cha kuendesha wala cha kukodisha.

Msalimie mama, mwambie asiache kumpelekea Mwalimu uji, unga nitatuma. Msalimie mkeo, na shangazi wa Rahaleo aliyetulea baba alipofariki. Yeye usimsomee barua hii, presha itampanda.

Nataka majina matatu ya dereva, na kama ana leseni au hana. Nipate Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Usiniletee habari za shetani kapita wala za mtandao. Saa sita na dakika moja nitaandika kwenye fomu, "Sijui, muulizeni mdogo wangu," nitasaini, na nakala nitamtumia Mwalimu.

Nani alikuwa anaendesha?

Dada yako,
Somoe