Mayai ya Mama Mkwe

Tarehe 4 Machi

Wifi,

Hujambo? Huku wazima, ila kaka anakohoa kidogo. Simu zangu hupokei, basi barua nampa dereva anayetuletea panya wa chakula cha nyoka. Najua anapita kwako.

Nina shida. Chatu wako, yule uliyempa jina la Mama Mkwe (mama yangu hadi leo jina hilo halijamshuka kooni), ametaga wiki iliyopita. Mayai kumi na moja. Bosi ameniletea amri, tena kaiandika nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, unajua ubahili wake wa karatasi: "Wewe ndiye mtunzaji sasa. Yaanguliwe." Nikisema sijui, kibarua kimeota nyasi.

Mawili niliyatia kapuni, nikawa nayageuza asubuhi na jioni kama ya kuku. Yamebonyea na yananuka. Tisa mama yao kayazungushia mwili. Nikisogea ananitazama kama ananijua.

Yaliyopita si ndwele. Nifundishe.

Wifi yako


Tarehe 5 Machi

Wifi,

Mimi sijambo. Kaka yako mpe pole ya kikohozi. Siku aliyoniacha akanirushia sanduku langu nje, kifua kilikuwa na nguvu kweli.

Nyoka huyo nimemlea tangu akiwa kama kamba ya kiatu. Nilipofukuzwa kazi, wewe ulisimama mlangoni ukasema kila kilichomo vizimbani ni mali ya Nyumba ya Nyoka. Leo ametaga, amekuwa "chatu wako". Asante.

Yai la nyoka halina undugu na la kuku. Kitoto hujishikiza upande wa juu, ukiligeuza, kinazama. Mawili umeshayazika. Tisa usiyaguse kwa sasa, mwachie mama yao mpaka nikuelekeze.

Nitakufundisha, maana mayai hayana kosa. Ila kwanza niandikie kwa mkono wako: siku ile chatu mkubwa alipotoroka, komeo la kizimba alilifungua nani? Bosi alisema mimi. Kaka yako alisema mimi. Wewe uliapa. Sitaki kesi wala mashahidi. Nataka niyasome maneno yako mara moja nilale. Karatasi hiyohiyo nitakurudishia.

Wifi yako uliyemfukuza


Tarehe 6 Machi

Wifi mpenzi,

Umeamkaje? Natumaini roho imepoa.

Haya. Komeo nililifungua mimi. Mashoga zangu walikuja, nikataka wanipige picha nimemvaa yule chatu mkubwa shingoni. Akaniponyoka. Akakutwa chini ya viti vya wageni, watu wazima wakapanda juu ya meza. Bosi aliponiuliza nikakutaja wewe, kwa kuwa zamu ilikuwa yako. Kaka naye nikamwapia hivyohivyo, ndipo akakuacha.

Nimesema. Rudisha karatasi yangu kama ulivyoahidi.

Wifi yako


Tarehe 7 Machi

Wifi mpenzi (na mimi nimelijua neno),

Nimelala kama mtoto. Karatasi yako hiyo, sina hata kipande chake kingine. Daftari limeniishia, kwa hiyo maelekezo nimeyaandika nyuma yake. Yaning'inize juu ya sanduku la mayai, usiyakariri; ukikariri utarudia mambo ya kuku. Gundi na unyevu haviivani. Tumia pini mbili.

Wifi yako uliyemfukuza

*Nawa mikono kabla na baada. Mfunike mama taulo, mwondoe taratibu. Kabla hujainua yai lolote, litie alama ya msalaba juu kwa penseli, si kalamu ya wino. Alama ibaki juu mpaka siku ya mwisho. Yaliyogandana yaache yamegandana. Yalaze kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na matundu machache, juu ya zile chembe laini za bustani zinazofyonza maji kama sifongo: ukizikamua zisitoe tone. Maji yasidondokee yai. Joto nyuzi thelathini na moja, kipimajoto kiwe pembeni ya mayai, si ukutani. Fungua mara moja kwa wiki, yapate hewa. Karibu na siku sitini yatanywea. Usiogope, usichane ganda. Kitoto kikitoa pua kinaweza kukaa hivyo siku nzima. Usikivute. Kila kitu hutoka kwa wakati wake.*


Tarehe 8 Machi

Wifi,

Shikamoo kwa ujuzi! Nimeipachika kwa pini, upande wako nje, wangu umeangalia ukuta. Ukuta hauna macho. Bosi akiuliza, nitasema ni maelekezo yako ya zamani, nimeyakuta kwenye droo.

Wifi yako


Tarehe 2 Mei

Wewe,

Sikuamkii.

Wametoka jana, tisa wote, ndimi nje. Bosi akacheka mpaka machozi, akataka kuandika urefu na uzito wa kila mmoja. Akapapasa mifuko. Hakuna karatasi. Akatazama ukuta, akachomoa pini, akageuza.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akampigia kaka simu, akamsomea. Kaka hajala tangu jana, anauliza unakaa mtaa gani.

Ulijua! Miaka minane umefanya kazi na yule bahili! Umenichimbia kaburi nami nikakushikia koleo!


Tarehe 3 Mei

Wifi,

Pole na shughuli. Mimi afya tele.

Karatasi ile niliandika upande mmoja tu, na neno kwa neno ulikuwa wa kweli: tisa wametoka tisa. Upande wa pili ni mwandiko wako.

Kaka yako asihangaike kuuliza mitaa. Msomee habari za yale mayai mawili: yai likishageuzwa, hakuna mkono wa kulirudisha.

Bosi amekuja kwangu jana jioni. Narudi kazini, na Mama Mkwe ameandikwa kwa jina langu, yeye na wanawe. Alitaka kukufukuza, nimekuombea. Vizimba vya panya vinahitaji mtu wa kuvisafisha, nami nitakuwa nakuelekeza.

Jumatatu, saa mbili kamili. Nawa mikono kabla na baada.

Aliyekuwa wifi yako