Sikumbeba Bwana Kanada

Mtaa wa Naviundu,
Élisabethville,
tarehe 9 Machi 1927

Mpendwa Yaya Victorine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu. Hujambo wewe na watoto? Kile kikohozi kimepungua, au upepo wa ziwa bado unakusumbua? Sisi tu wazima, ijapokuwa mvua inatunyeshea hata ndani ya nyumba. Samaki wakavu walitufikia. Martine, mke wangu, anakushukuru sana.

Yaya, Bwana Ormsley amekufa, yule mkandarasi wa reli tuliyemwita Kanada. Alifia kitandani, mzee, ameshiba. Sikusikitika hata kidogo.

Kanisani Wazungu walimsifu kwamba kwao alikuwa mbunge mara mbili. Hawakusema lile ambalo karani wake, Paulin, alitusimulia zamani: kwamba alipindisha njia ya reli ipite kwenye mashamba yake mwenyewe, wenzake wakamkataa. Ndipo akaja kutafuta kwetu heshima aliyoipoteza kwao.

Kuna jambo la marehemu mume wako ambalo huko Pweto hukuelezwa lote. Siku moja Kanada alisimama juu ya sanduku, akatuambia tumtii, kwa kuwa yeye ni mtu aliyechaguliwa na watu. Kasonde wako akamuuliza mbele ya wote, "Na sisi, Bwana, tulikuchagula siku gani?" Tulicheka. Kanada hakucheka.

Wiki ile mvua ililowesha ukingo wa udongo tuliokuwa tukiuchimba. Kasonde alimwonya kwamba unapasuka. Kanada akamtuma chini yake, yeye peke yake. Udongo ukamfunika. Tulimfukua kwa mikono, na kabla hatujamwosha uso tukaamriwa kurudi kazini.

Basi siku ya maziko, mkuu wa kambi ya reli alitutaka sisi tuliofanya kazi chini ya Kanada zamani tubebe jeneza. Nilifika hadi mlangoni, nikaliona, nikashindwa kulishika. Nikamwambia, "Mi shitamubeba, Bwana. Aliua shemeji yangu." Alidhani sikuelewa, akarudia amri. Nami nikarudia jibu. Rigobert, aliyemfukua Kasonde pamoja nami, akaachia mshikio wa jeneza, akaja kusimama kando yangu. Wengine nao wakaachia. Wazungu wakalibeba wenyewe, wakitoka jasho.

Kesho yake mimi na Rigobert tulifukuzwa kazini na kwenye nyumba za kambi. Ndiyo sababu anwani yangu imebadilika. Sasa tunafyatua matofali huku Naviundu. Usituhurumie, tunakula.

Padri alinifuata, akaniambia aliyekufa husamehewa. Nikamjibu kwamba wa kuombwa msamaha ni mjane wa Kasonde, wala hajaombwa. Basi nakuuliza wewe, Yaya. Ikiwa umeshamsamehe, niambie, nami nitajaribu. Ikiwa bado, sitakutangulia.

Nisalimie Mama Laurentine, Musonda na mumewe, na watoto wote. Mungu awalaze salama na awaamshe wazima.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Anaclet